Sanduku la Fundi: Ofisi ya wachora ramani, kompyuta zinaganda, bajeti kiduchu

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wasanifu majengo na vijana wao wa kuchora, nimeyaweka pamoja maana yanasukumana, jibu la mmoja litamfaa na mwenzake.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ofisi yetu ina watu sita, tunachora ramani za nyumba na majengo ya kawaida, tuna kompyuta za mezani nne na laptopu mbili. Wengi wetu tuko AutoCAD, wawili wameshahamia Revit, na kuna kijana mmoja anatengeneza picha za kuwaonyesha wateja kwa Enscape. Mashine zote zinalia. Bosi ametenga hela lakini haifiki hata mashine mpya tatu, sasa wazo lake ni tugawane sawa kwa sawa, za mezani zote ziwekewe kadi mpya ya grafiki na laptopu ziongezewe chochote, asiwepo wa kununa. Unasemaje?

JIBU: Bosi wenu ana roho nzuri lakini hiyo hela ataimwaga. Kugawana sawa ni kwa posho, sio kwa kompyuta, maana hizo mashine sita haziumwi ugonjwa mmoja. Anayechora mistari ya AutoCAD, anayejenga modeli ya Revit na huyo kijana wa picha, kila mmoja anakaba sehemu tofauti ya mashine, na ukiwapa wote dawa moja utakuta mmoja amepona na watano wako pale pale.

Kabla hujanunua hata skrubu fanya hivi. Kaa na kila mtu kwenye mashine yake akiwa kwenye kazi yake nzito ya siku zote, sio mashine imelala, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager, nenda kwenye ukurasa wa utendaji halafu mwambie afanye kile kitu kinachomuudhi, kama ni kufungua faili afungue, kama ni kuzungusha jengo azungushe. Wewe macho kwenye vigrafu. Diski ikigonga asilimia 100 na kuganda hapo huku vingine vimetulia, tatizo ni diski. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya muda, ikijaa mpaka juu, tatizo ni RAM. Hapo hata fundi huhitaji.

Sasa kuna kimoja kinachodanganya watu wengi. Wa Revit atakwambia mbona prosesa inasoma asilimia 13 tu, imepumzika kabisa, na programu imeganda vilevile? Haijapumzika hiyo. Chukua prosesa ya viini 4 (core, vile vibongo vinavyofanya kazi) na nyuzi 8 (thread, njia za kazi, hapa mbili kwa kila kiini), uzi mmoja ukifanya kazi mpaka mwisho wa uwezo wake, kwenye hesabu ya jumla inaonekana 12.5 tu. Revit na AutoCAD, pamoja na kwamba zina shughuli chache zinazotumia viini vingi, sehemu kubwa ya kuchora na kuhariri inapita kwenye kiini kimoja, kwa hiyo nyuzi saba zilizobaki zinamwangalia mwenzao akitoka jasho. Bofya kulia kwenye hicho kigrafu uchague kikuonyeshe kila uzi peke yake, mara nyingi utauona uliopanda, ingawa Windows ina tabia ya kuihamisha kazi huku na huku. Ukiona hivyo ujue mtu huyo anahitaji prosesa yenye kiini kimoja chenye mbio, na viini ishirini vya kuburuza miguu havitamsaidia.

Mpangilio wangu wa kutumia hela ni huu. Kama kuna mashine hata moja bado ina diski ya kuzunguka, ile ya zamani inayokoroma, anza na hiyo leo. Diski ya namna hiyo inasoma kama megabaiti 100 na kitu kwa sekunde, SSD (diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani) ya kawaida ya waya wa SATA inagusa 500 na zaidi, na tofauti kubwa zaidi iko kwenye vifaili vidogo vidogo ambavyo Windows inavisaka kila mahali, hapo diski ya kuzunguka inakufa kabisa. Usihangaike sana kama mazabodi haina sehemu ya NVMe, ile SSD yenye mbio zaidi, ni kweli NVMe ina namba kubwa zaidi lakini kwa kufungua ramani na kusevu, kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ndo ruka kubwa, kutoka SSD kwenda NVMe ni ka-ruka. Na hakuna ulazima wa kuanza kuweka programu upya, Clonezilla ni ya bure inanakili diski nzima kama ilivyo, ila iwe SSD isiyo ndogo kuliko hiyo diski ya zamani na uwe umehifadhi nakala ya kazi pembeni kwanza, tafadhali.

Baada ya hapo RAM. Kwa Revit kuna kanuni ambayo Autodesk wenyewe wamekuwa wakiitaja, modeli inataka RAM kama mara 20 ya ukubwa wa faili lake. Faili la megabaiti 400 linaomba gigabaiti 8 peke yake, bado Windows, bado brauza yenye tabu kibao, bado PDF tatu na muziki. Ndo maana gigabaiti 16 siku hizi ni ya kuanzia tu, wa Revit mpe 32, wa AutoCAD ya mistari atakaa na 16 vizuri tu. Ile Task Manager ukibofya sehemu ya RAM inakwambia nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi, inaweza kusema 1 kati ya 4, kumbe ofisi nzima mna nafasi za bure na hamjui. Weka vipande viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa, vikikaa kwenye nafasi zilizooanishwa mashine inavisoma kwa pamoja. Na angalia aina, DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, ule mkato wa chini umewekwa sehemu tofauti makusudi, usilazimishe kwa kidole gumba utavunja mazabodi.

Kadi ya grafiki ndo mwisho, na ni kwa mtu mmoja. Ramani ya 2D na Revit ya kawaida zinaenda na kadi ya wastani, zingine zinaenda hata na grafiki iliyomo ndani ya prosesa kama ni ya karibuni. Lakini programu za picha kama Enscape, Lumion, Twinmotion na D5 zinaishi ndani ya kadi, hapo ndo mahali pa kuweka hela yote ya kadi mliyotaka kuigawa kwa watu. Cha kutazama kwanza ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. Mandhari yenye miti, majani, magari na viti ikizidi kumbukumbu hiyo programu inabuma au inatambaa, na hapo hata kadi iwe mpya kiasi gani haisaidii. Mi kwa bajeti yenu ningemtafutia RTX 3060 ya gigabaiti 12 iliyotumika ikiwa nzima (soma boksi vizuri, kuna 3060 ya gigabaiti 8 pia), naipenda kuliko 4060 mpya ya gigabaiti 8 kwa kazi ya picha kubwa. Kuna watakaonibishia kwamba 4060 ina mbio na haili umeme, ni kweli, wati 115 dhidi ya 170, ila mbio bila nafasi kwenye kazi hii sioni faida yake.

Na kabla ya kuinunua fungua ubavu wa kesi. Pawasaplai imeandikwa wati ngapi? Kompyuta ndogo ndogo za ofisi nyingi zina kama wati 200 hivi, NVIDIA kwa kadi zote mbili hizo wanashauri 550. Je ina ule waya wa pini 8 wa kulishia kadi? Je kadi inaingia kwa urefu au itagonga kibanda cha diski? Mashine za kampuni kubwa mara nyingi pawasaplai zake zina umbo lake na plagi zake, huwezi kuchomoa ukaweka yoyote. Kama kesi haitaki, kwa huyo kijana ni mashine mpya, na hapa ndo utamu wa kutogawana unapokuja: mashine moja nzuri inunuliwe, ya kwake ya zamani irithiwe na wa AutoCAD mwenye hali mbaya kuliko wote, na ya huyo wa AutoCAD ichomolewe RAM na SSD ziende kwa wengine kama aina ni moja. Hela ya mashine moja inawagusa watatu. Watakaonuna mwambie bosi awaonyeshe vigrafu.

Jambo dogo la mwisho kwenu, linachekesha lakini nimelikuta sana: kadi ipo, na waya wa monita umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Pitia mashine zote nne nyuma, dakika mbili tu.

SWALI: Kaka fundi, nimepata mtu anauza wokstesheni iliyotumika, ina prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, viini 28 jumla, RAM gigabaiti 64, kwa bei ya kompyuta moja ya kawaida mpya. Mi nachora Revit muda wote. Moyo unadunda, nichukue?

JIBU: Utulize kwanza huo moyo. Viini 28 vinasikika vitamu lakini kila kimoja kinakimbia gigahezi 2.4, kikijikaza sana ni 3.3, tena ni muundo wa 2016. Core i3-12100 ambayo ina viini vinne tu, ile inayodharauliwa, inafika 4.3 na muundo wake ni mpya zaidi kwa hiyo hata kwa gigahezi zilezile ingefanya kazi nyingi kuliko hiyo Xeon. Kwa mtu wa Revit kutwa nzima hako ka-i3 kataiacha hiyo Xeon mbali kwenye kuchora, na tofauti utaihisi kwenye kila kubofya. Ukitaka kujipimia mwenyewe, tafuta prosesa yoyote kwenye PassMark, orodha ya mtandaoni ya alama za prosesa, uangalie alama ya uzi mmoja, sio ile alama kubwa ya juu, ile ya uzi mmoja ndo yako.

Pili, Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama) pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, kwa Intel Core ni kuanzia kizazi cha 8 na kwa AMD kuanzia Ryzen 2000. Hiyo Xeon haimo. Najua kuna ujanja wa kuiingiza kwa nguvu, watu wanafanya, lakini ofisi inayobeba michoro ya wateja siishauri ikalie mfumo ambao siku moja sasisho linaweza kuukataa. Tatu, RAM yake ni ya aina ya seva, siku ukitaka kuihamishia kompyuta ya kawaida haikubali.

Yupo anayefaa kuichukua. Anayerenda, yaani anayetoa picha za jengo, kwa V-Ray au Corona kwa kutumia prosesa, hao wanakula viini vyote ulivyonavyo na kuomba vingine, mashine kama hiyo ikiwekwa kona irende usiku ni mali. Ila ina kelele na inakula umeme, isikae mezani pako.

SWALI: Fundi, sisi tumeshabadilisha SSD mashine zote na RAM ni 32 kila mmoja, bado kusinki Revit na faili kuu lililoko kwenye seva ni kwenda kupika chai. Tumeibiwa?

JIBU: Hamjaibiwa, mmetibu mguu na kinachouma ni bega. Faili likiwa kwenye seva, SSD yako haina la kufanya kama njia ya katikati ni nyembamba. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, ukurasa wa waya, usome spidi ya kiungo. Ikisema 100/100 Mbps umempata mwizi. Njia ya megabiti 100 inapitisha kama megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, ya gigabiti 1 inapitisha kama 110. Faili la megabaiti 600 kwenye ile ya kwanza ni karibu dakika nzima njia ikiwa yako peke yako, sasa mkiwa watano asubuhi saa mbili wote mnafungua, piga hesabu.

Mara nyingi chanzo ni swichi ya zamani iliyofichwa chini ya meza ya mapokezi ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiweka, au waya. Gigabiti inatumia nyaya zote nane za ndani, mia inatumia nne, kwa hiyo waya uliobanwa na mguu wa kabati ukikatika uzi mmoja wa ndani mashine haisemi kitu, inaweza kushuka kimya kimya mpaka 100 na maisha yanaendelea. Badilisha swichi iwe ya gigabiti, nyaya ziwe Cat5e au Cat6, hiki ndo kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye ukurasa huu na ndo kinachosahaulika. Diski ya seva nayo muiangalie, kuna ofisi watu wote wana SSD na seva ina diski ya kuzunguka!

Na nani hapo anafanya kazi na faili kuu kwa Wi-Fi? Mwambieni achomeke waya, hata kama laptopu haina tundu kuna kiadapta cha USB. Wi-Fi ikikatika katikati ya kusinki si yeye tu atakayeumia.

SWALI: Laptopu yangu ina kadi nzuri tu ya RTX lakini SketchUp inakwamakwama, na baada ya kama nusu saa inazidi. Niiuze?

JIBU: Usiuze. Laptopu za namna hiyo zina grafiki mbili, ile ndogo ya ndani ya prosesa na hiyo RTX, na Windows inaweza kuipa SketchUp ile ndogo ili kuokoa betri. Ingia mipangilio ya onyesho, sehemu ya grafiki, iongeze SketchUp uichagulie utendaji wa juu. Fanya kazi ikiwa kwenye chaji, kwa betri tu inajibana.

Hiyo ya nusu saa ni joto. Prosesa ikifika kikomo cha joto inajipunguzia mbio isiungue, wewe unaona uzee. Ifunguliwe isafishwe vumbi, ipakwe pesti mpya kama ina miaka, na usiiweke juu ya mto. Weka HWiNFO ya bure utazame nyuzi joto kabla na baada, ikikaa karibu na 100 muda wote hujamaliza kusafisha.

SWALI: Hivi kwa bajeti ndogo si bora tutumie programu zilizokrakiwa halafu hela ya leseni iende kwenye mashine? Kila mtu anafanya.

JIBU: Hapana. Acha habari ya sheria kidogo, ambayo nayo si ndogo, hiyo kraki unaipa ruhusa zote za mashine na unazima antivairasi kwa mkono wako ili ikubali kuingia, kwenye mashine yenye michoro yote ya ofisi. Ukiamka siku moja mafaili yote yamefungwa na mtu anadai malipo, utamshtaki nani?

Punguza leseni kwa njia nyingine. Tangu 2016 Autodesk waliacha kuuza leseni mpya za kudumu, ni usajili tu, kwa hiyo hesabu vizuri nani kweli anahitaji nini. Anayefungua DWG (faili la AutoCAD) kupima na kuprinti tu hahitaji leseni, DWG TrueView ni ya bure. Wa kuchora 2D anaweza kukaa na AutoCAD LT, au BricsCAD ambayo imekuwa ikiuza pia leseni ya kudumu, ulizia kwanza kama bado ipo. Revit LT ni nafuu lakini haina kufanya kazi wengi kwenye modeli moja, kama mnashirikiana msiichukue mkaja kujuta. Twinmotion ni ya bure kwa kampuni yenye mapato chini ya dola milioni 1 kwa mwaka, na Blender ni ya bure kwa wote, ila hiyo ya pili kijana ajipange kujifunza, haina huruma.

SWALI: Mi niko peke yangu, mashine ni nzuri, i7, RAM 32, SSD. Mradi mmoja tu ndo unaganda, mingine inapaa. Ni ramani ya eneo niliyopewa na mpima ardhi nikaiunga kwenye Revit.

JIBU: Basi usinunue chochote, faili ndo gonjwa. Ramani za wapima huja na kuratibu halisi za nchi (coordinates, namba za mahali), yaani mistari iko mamia ya kilomita kutoka kwenye sifuri ya mchoro, na Revit haipendi maumbo yaliyotanuka kupita kilomita 32 hivi, inaanza kuonyesha mistari iliyopinda na kujikokota. Mara nyingine ramani yenyewe iko sawa, ila kuna nukta moja imesahaulika mbali huko.

Lifungue kwanza AutoCAD. Andika ZOOM kisha E, ukiona mchoro umegeuka kitone ujue kuna takataka mbali, itafute uifute. Halafu AUDIT ya kurekebisha makosa, halafu OVERKILL ya kuondoa mistari iliyolaliana, halafu PURGE ya kufuta visivyotumika mpaka isiwe na cha kufuta, na ukimaliza andika -PURGE yenye kistari mbele uchague R, hiyo inafuta majina ya programu yaliyojirundika ambayo dirisha la kawaida la PURGE halikuonyeshi, nimeona faili linashuka kutoka megabaiti kadhaa mpaka kilobaiti. Sevu kwa jina jipya, la mpima libaki kama lilivyokuja. Ukirudi Revit futa lile la zamani, unga hili jipya kwa Link, usiliingize moja kwa moja ndani kwa Import, na hata kama limekukera vipi usilipasue vipande ndani ya Revit, maana kila mtindo wa mstari wa yule mpima utabaki kwenye mradi wako. Kuratibu halisi utazichukua kwenye hilo faili lililoungwa kwa amri ya kupata kuratibu (Acquire Coordinates), jengo lako likiendelea kukaa karibu na sifuri yake.